Dakta Denis Burkitt, Mtu wa Jicho Moja Aliyeona Mbali

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya wapigania uhuru na ya watu waliobuni mitambo. Muhula huu nimemwomba mhariri nafasi nieleze maisha ya daktari mmoja wa upasuaji, ambaye jina lake hutajwa mara kwa mara katika wodi za watoto za Kanda ya Ziwa, ingawa wengi wanaolitaja hudhani ni jina la ugonjwa tu, wala hawajui kwamba palikuwa na mtu mwenye jina hilo. Mtu huyo ni Dakta Denis Parsons Burkitt. Alifariki mwaka 1993, kabla hajazaliwa hata mmoja wetu tulio wanafunzi wa shule hii.

Nina sababu nyingine ya kumchagua. Sisi ni watoto wa nchi ya madini. Hapa Shinyanga kuna almasi, na kwa jirani zetu wa Geita kuna dhahabu. Kila mtoto aliyekulia karibu na machimbo anajua kwamba mchimbaji hawezi kuupeleka mlima mzima kupimwa. Huchukua jiwe moja, akalitwanga, akaliosha katika karai, kisha akatazama kilichobaki chini. Jiwe likichukuliwa mahali pasipofaa, au vumbi lake likichanganyika na la shimo jingine, mtu atachimba mwaka mzima asipate kitu, au ataacha mali chini ya miguu yake. Mambo ya mwili wa binadamu ni vivyo hivyo. Daktari huchukua kipande kidogo cha nyama ya mgonjwa, na kipande hicho ndicho kinachosema ukweli. Lakini husema ukweli kikiwa kimechukuliwa na kutunzwa vema. Maisha ya Dakta Burkitt yaonyesha jambo hili kuliko maisha ya mtu mwingine yeyote niliyesoma habari zake.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa barabara na majengo ya wilaya, lakini saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza ndege. Aliwakamata ndege wadogo waliokuwa bustanini kwake, akawavika pete miguuni apate kuwatambua, kisha akachora ramani ya mahali kila ndege alipokaa. Nawaomba wasomaji waikumbuke ramani hiyo, maana mbele tutaona kwamba mtoto alirithi tabia ya baba.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto. Miwani yake ilivunjika na kioo kikamwingia jichoni. Madaktari walijaribu kuliokoa jicho lile wasiweze, likatolewa. Tangu siku hiyo aliishi na jicho moja. Mtu angedhani kwamba kijana kama huyo hawezi kuwa daktari wa upasuaji, kazi inayotaka macho makali na mkono usiotetemeka. Yeye hakukata tamaa. Aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini kabla ya muda mrefu akageukia utabibu, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alikubaliwa kuwa daktari wa upasuaji huko Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Basi wakati wa Vita Kuu ya Pili akaingia katika jeshi la Waingereza kama daktari, naye akapelekwa Kenya na Somalia, na baadaye Ceylon, nchi ambayo leo yaitwa Sri Lanka. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi. Vita vilipokwisha aliomba kazi tena, safari hii akakubaliwa, na mwaka 1946 akafika Uganda. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa nchi, mahali ambapo daktari mmoja alitakiwa kuhudumia watu wengi mno.

Huko Lira ndiko alikoanza kuonyesha tabia yake ya kuuliza maswali. Wanaume wengi walimjia wakiwa na mabusha. Daktari mwingine angepasua na kuendelea na kazi. Burkitt alipasua, lakini aliandika pia kila mgonjwa alitoka kijiji gani. Akaona kwamba upande wa mashariki wa wilaya mabusha yalikuwa mengi sana, na upande wa magharibi yalikuwa machache. Hakuwa na mitambo wala fedha. Alikuwa na kalamu, daftari na ramani tu. Mwaka 1948 alihamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala, naye akaenda na tabia ile ile.

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa watoto, Dakta Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mmoja wa kiume. Mtoto yule alikuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini, hata meno yamelegea. Burkitt alishangaa. Usaha wa jino huvimbisha upande mmoja, na saratani ya kawaida huanzia mahali pamoja. Inakuwaje pembe nne za taya zivimbe kwa wakati mmoja? Hakuwa na jibu. Akampiga picha, akaandika habari zake. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipotupa jicho nje ya dirisha alimwona mtoto wa kike aliyekaa na mama yake, naye uso wake umevimba vile vile. Alipompima alikuta uvimbe mwingine tumboni. Hapo akatambua kwamba jambo linaloonekana mara mbili si bahati tu.

Alirudi Mulago akafungua majalada ya watoto waliokufa kwa saratani. Akaona kwamba wengi wa wale waliokuwa na uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe mahali pengine pia: kwenye figo, kwenye ini, au kwenye mayai ya uzazi ya watoto wa kike. Waganga waliotangulia walikuwa wameziandika kama saratani mbalimbali, kila moja na jina lake. Burkitt alisema zote ni ugonjwa mmoja, akachapisha maelezo yake mwaka 1958 katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Mwanzoni watu wachache tu walilijali.

Lakini neno la daktari wa upasuaji pekee halikutosha. Ni nani aliyethibitisha kwamba ni ugonjwa mmoja? Ni vile vipande vidogo vya nyama. Pale Mulago palikuwa na maabara nzuri ya kusomea vipande, chini ya Profesa Jack Davies, na pamoja naye alikuwapo daktari Mmarekani, Gregory O'Conor. Hao ndio waliotazama kwa hadubini na kuona kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumbo ni wa aina moja: ni saratani ya seli za limfu, yaani zile seli zinazokaa katika mitoki na kulinda mwili.

Wasomaji watapenda kujua kipande huandaliwaje hata kiweze kusomwa, nami nitaeleza kwa ufupi. Mara kinapokatwa, kipande hutiwa katika chupa yenye fomalini. Dawa hii hukaza nyama isioze na huzifunga protini mahali zilipo. Fomalini lazima iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kipande, na kipande chenyewe kisiwe kinene, maana dawa hupenya polepole, na kikiwa kinene kitaoza katikati huku nje kimekauka. Jina la mgonjwa huandikwa ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Kikisha kukaza, hupitishwa katika alkoholi ya nguvu ndogo, kisha ya nguvu kubwa, mpaka maji yote yatoke. Baadaye hutiwa katika zailini, mwisho katika nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda, kipande hukatwa kwa kisu maalumu kuwa vipande vyembamba sana vya unene wa elfu nne au tano ya milimita. Hivyo huwekwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, moja ya buluu kwa viini vya seli na nyingine ya waridi kwa sehemu zilizobaki.

Ugonjwa huu ukiandaliwa hivyo huonekana kwa namna ya ajabu. Seli za saratani hujaa zikibanana, nyeusi-buluu kama usiku, na katikati yake hutawanyika seli kubwa nyeupe-nyeupe zinazokula mabaki ya seli zilizokufa. Madaktari wa dunia nzima huuita mwonekano huo anga lenye nyota. Daktari akiiona anga hiyo hujua ni dawa gani ya kumpa mtoto. Kipande kikioza, nyota hazionekani.

Burkitt hakutosheka na kujua ugonjwa ni nini. Alitaka kujua uko wapi, na kwa nini uko hapo na si kwingine. Kwa fedha kidogo sana alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa posta kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza kama wamepata kuona uvimbe wa namna hii. Majibu yalipofika alichomeka pini katika ramani iliyotundikwa ukutani mwa ofisi yake. Pini zilijipanga kama mshipi uliokatiza katikati ya Afrika. Hapo, bila shaka, yule mtoto wa mchora ramani ya ndege alifurahi.

Lakini kwa nini mshipi ule ulikuwa na mipaka? Ili kupata jibu alifunga safari. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na rafiki zake wawili, Dakta Ted Williams, aliyekuwa fundi wa magari pia, na Dakta Cliff Nelson. Walisafiri kwa gari kukuu la Ford, wakapita Tanganyika wakaendelea kusini mpaka Afrika Kusini. Safari hiyo ilichukua majuma kumi na maili 10,000, yaani kilomita 16,000 hivi, nao wakatembelea hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika waliwauliza madaktari na wauguzi swali lile lile: wamewaona watoto wenye uvimbe huu, ndiyo au hapana? Majuma hayo hayo ndiyo nchi yetu ilipojipatia uhuru wake, tarehe 9 Desemba 1961.

Waliporudi waliweza kueleza mipaka ile. Karibu na ikweta, ugonjwa hauonekani katika nchi iliyo juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo mpaka huo unavyoshuka chini. Ugonjwa hupenda mahali penye joto na mvua ya kutosha. Huko ndiko mbu wanakopenda pia. Na kisiwani Unguja na Pemba, ingawa ni nchi ya joto na ya chini, ulikuwa haba sana, na huko malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu wakati ule. Hivyo watu wakaanza kuuliza kama malaria ina mkono wake katika jambo hili. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1977 mpaka 1982, watoto wa Mara ya Kaskazini, ng'ambo ya ziwa hili letu, walipewa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama malaria ikipungua saratani hii nayo itapungua. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kupungua kabla ya vidonge, na malaria ikarudi kabla kazi haijaisha, basi jibu halikuwa kamili. Hata hivyo wataalamu leo wanakubali kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili na kuutayarishia njia ugonjwa huu.

Sasa tazameni ramani ya kwetu. Shinyanga na Geita ziko kiasi cha mita 1,100 hadi 1,300 juu ya usawa wa bahari. Tuko chini ya mstari wa Burkitt. Tena mashimo yaliyoachwa na wachimbaji hujaa maji ya mvua, na mbu huzaliana humo. Kwa hiyo habari ninayoisimulia si ya Uganda peke yake.

Nirudi nyuma kidogo, kwa maana kipande cha nyama kina hadithi nyingine. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya ile safari ndefu, Burkitt alikwenda London kutoa hotuba katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mmoja mtaalamu wa virusi, Dakta Anthony Epstein. Alipoona kwamba ugonjwa una mipaka ya joto na mvua, alifikiri mara moja kwamba huenda unaletwa na kitu chenye uhai, labda kirusi. Wawili hao wakapatana. Burkitt na wenzake wangetuma vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege ya usiku, na Epstein angevichunguza London.

Vipande hivi havikutiwa fomalini. Fomalini huua, na Epstein alitaka seli zilizo hai apate kuzikuza katika chupa. Kwa hiyo vilisafirishwa katika maji maalumu ya kulishia seli, na kila saa ilikuwa na thamani. Kwa muda wa miaka miwili hivi alijaribu, asipate kitu. Ndipo tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kutoka katika taya la mtoto wa kike wa miaka tisa ilikuta ukungu London, ikabidi itue Manchester. Kipande kilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa na ukungu pia, kana kwamba yameingiwa na bakteria. Wengi wangekimwaga na kwenda nyumbani. Epstein alichukua tone moja akalitazama kwa hadubini. Hayakuwa bakteria. Zilikuwa seli za saratani, zimetikisika safarini zikaachana na kipande, nazo zinaelea zikiwa hai. Akazikuza zikiwa zinaelea vivyo hivyo, kwa njia ambayo hakuijaribu kabla, zikakua. Mwanzoni mwa 1964 alizitazama kwa hadubini ya elektroni akaona kirusi ndani yake. Tarehe 28 Machi 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza habari hiyo. Kirusi hicho chaitwa mpaka leo kirusi cha Epstein na Barr, nacho ni cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Baadaye ilionekana kwamba karibu watu wote duniani wanacho, na kwamba peke yake hakitoshi kuleta saratani. Hapo ndipo malaria inapoingia.

Pamoja na hayo, Burkitt hakusahau kwamba yeye ni tabibu. Kisu hakikufaa kuondoa uvimbe wa pembe nne za taya, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa zilizokuwa mpya wakati ule, methotreksati na saiklofosfamidi, akisaidiana na madaktari kutoka Marekani. Watoto wengine uvimbe wao uliyeyuka kwa majuma machache, na baadhi yao walipona kabisa. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani kwa saratani kuponywa kwa dawa tu bila kisu wala mionzi, na jambo hili lilitendeka Afrika Mashariki. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo maalumu cha kutibu limfoma hiyo.

Burkitt mwenyewe alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alianza kazi nyingine, ya kuwaeleza watu wa Ulaya kwamba wanaugua kwa kula unga uliokobolewa mno, tofauti na wanavijiji aliowatibu Uganda, waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Wale miongoni mwetu wanaonung'unikia dona na maharage ya bwenini wana jambo la kufikiri hapo. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82.

Kazi aliyoianza haikusimama. Leo kuna njia mpya ya kusoma kipande, ambayo Burkitt hakuwahi kuiona ikitumika. Mwaka 1997 Profesa Richard Caprioli na wenzake huko Marekani walionyesha jinsi ya kuchora picha ya protini zilizomo katika kipande kwa kuzipima uzito. Mashine yake yaitwa spektromita ya masi. Maandalizi yake ni ya uangalifu kuliko yote niliyoyaeleza. Kipande hakitiwi fomalini, kwa kuwa fomalini huzifunga protini zisiruke. Badala yake hugandishwa upesi kwa baridi kali ya naitrojeni ya maji. Kikicheleweshwa, vimeng'enya vya mwili vitaanza kuzila protini, na kikigandishwa polepole, barafu itapasua seli. Kisha hukatwa vipande vyembamba vya elfu kumi hivi ya milimita, vikalazwa juu ya bamba linalopitisha umeme. Mabamba mengine ya kwanza yalikuwa ya chuma kilichopakwa dhahabu, na huenda wasomaji wa Geita watafurahi kusikia kwamba madini yao yana kazi nyingine zaidi ya pete na mikufu. Kipande huoshwa kwa alkoholi kuondoa chumvi na mafuta, kisha hunyunyiziwa asidi maalumu inayokauka kuwa chembe za fuwele. Mwali wa leza hupiga nukta baada ya nukta. Fuwele hurukia juu zikibeba protini, na mashine hupima muda ambao kila protini hutumia kufika mwisho wa bomba. Nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Kwa kuunganisha nukta hizo zote hupatikana ramani ya protini, inayoonyesha kila moja ilipokuwa imekaa katika nyama.

Hata vile vipande vya zamani vilivyohifadhiwa katika nta vyaweza kusomwa hivyo, lakini kwa shida zaidi. Lazima nta iondolewe, kipande kichemshwe kulegeza vifungo vya fomalini, kisha protini zikatwe vipande vipande kwa kimeng'enya cha tripsini.

Mtaona basi kwamba zipo njia tatu. Anayetaka kuona umbo hutia fomalini. Anayetaka kukuza seli hulinda uhai wake. Anayetaka kupima protini hugandisha. Kila swali lina matayarisho yake, na mtu akikosea matayarisho, mashine ya thamani kubwa haitamsaidia. Itampa jibu la uongo lililoandikwa vizuri.

Jambo hili nimelijua si kwa vitabu tu. Mtoto wa mama yangu mdogo, aliyekaa na wazazi wake karibu na machimbo upande wa Geita, alivimba taya alipokuwa na miaka sita. Kwanza aling'olewa jino. Uvimbe ukaongezeka. Majirani wakaanza kutajana kwa uchawi, na ndugu wawili wakakosana kwa ajili hiyo. Hatimaye kilikatwa kipande katika hospitali moja ndogo, lakini fomalini haikuwapo siku hiyo, basi kikatiwa katika maji ya chumvi na kusafirishwa juani. Kilipofika kwa wasomaji wa vipande kilikuwa kimeoza, nao hawakuweza kusema lolote. Ikabidi kikatwe kingine, na karibu majuma matatu yalipotea. Wenye kuujua ugonjwa huu wanasema kwamba ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote, uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Mama mdogo alinieleza kwamba katika majuma hayo jicho la mtoto lilisukumwa nje, naye akaacha kula. Kipande cha pili kilitunzwa vizuri, anga lenye nyota likaonekana, na mtoto akaanza dawa Bugando, Mwanza. Uvimbe ulishuka. Leo anasoma darasa la tatu, na bado hurudi kupimwa. Lakini kitanda cha pili kutoka chake alilazwa mtoto wa umri wake aliyeletwa akiwa amechelewa zaidi, naye hakurudi kwao.

Kwa hiyo nawasihi wazazi watakaolisoma gazeti hili: mtoto akivimba taya, au meno yakilegea bila sababu, au tumbo likijaa upesi, msingoje muhula wala mavuno, wala msitafute mchawi. Mpelekeni hospitali, na mwombe akatwe kipande. Ninyi wanafunzi wenzangu, tutakapofunga shule tutarudi kila mtu kijijini kwake, tukaeleze habari hizi, na tufukie mashimo yenye maji karibu na nyumba zetu, tukalale ndani ya vyandarua. Na wale watakaochagua masomo ya sayansi mwakani wajue kwamba kazi ya maabara si ya heshima ndogo. Daktari wa jicho moja alichora mstari katika ramani kwa sababu aliuliza na kuhesabu, lakini aliaminiwa kwa sababu pale Mulago palikuwapo watu waliojua kujaza chupa fomalini ya kutosha, kuandika jina ubavuni, na kukata nta sawasawa. Kanda hii yahitaji watu wa namna hiyo wengi kuliko ilio nao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne